Jinsi ya kuizuru Guadeloupe ukitokea Lubumbashi

Anayetaka kwenda Guadeloupe, visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Karibi, akitokea Lubumbashi na aanze na kalenda kabla hajauliza bei ya tiketi, kwa sababu fukwe za kule zipo mwaka mzima, lakini mambo yanayowafanya watu warudi mara ya pili na ya tatu yana siku zake. Mchanga mweupe unapatikana katika visiwa vingi vya Bahari ya Karibi. Kilicho adimu ni nchi ndogo, yenye kilomita za mraba zinazozidi 1,600 kwa kiasi kidogo tu, ambamo wajukuu wa Waafrika, wa Watamil wa India, wa Wafaransa na wa wachuuzi waliotoka Lebanoni na Siria wanazungumza Kikrioli kimoja na kula chakula kimoja, na bado kila ukoo unakumbuka ulikotoka. Mwongozo huu ni wa kumfikisha msomaji kwenye jambo hilo. Wa fukwe atajipatia mwenyewe.

Sisi watu wa Lubumbashi tuna bahati ya kuuelewa mchanganyiko wa namna hii bila kufundishwa. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba ndiyo iliyowaita watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Rwanda na Burundi, ikawaweka katika kambi moja mpaka Kiswahili kikawa lugha ya kazini, kisha ya nyumbani. Guadeloupe iliumbwa na sukari, tena kwa ukatili uliopita wetu. Wafaransa waliitwaa mwaka 1635 na kuijaza watumwa kutoka Afrika. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848, wenye mashamba ya miwa walitafuta mikono mingine, na Desemba 1854 meli iitwayo Aurélie ikawashusha Wahindi wa kwanza waliofungwa kwa mikataba. Kuanzia mwaka 1857 waliletwa pia maelfu ya watu kutoka pwani ya Kongo, ambao kwenye karatasi waliitwa wafanyakazi huru, ingawa wengi wao walikuwa wamenunuliwa kwanza ndipo wakawekewa mkataba mbele yao. Msomaji ashike historia hiyo mapema, kwa kuwa karibu kila atakachokiona kule, kuanzia sahani hadi ngoma, kimetoka ndani yake.

Sasa kalenda. Watalii wengi huenda kati ya Desemba na Aprili, wakati wa ukavu, na wakikaa hadi Februari au Machi hupata karnivali, ambayo huanza kwenye sikukuu ya Epifania na kumalizika Jumatano ya Majivu, siku ambayo watu huvaa nyeusi na nyeupe na kumchoma moto Vaval, mfalme wa karnivali. Ni shangwe ya kweli, na vikundi vinavyopiga ngoma za ngozi ya mbuzi vinastahili kusafiriwa. Tarehe 27 Mei huadhimishwa kukomeshwa kwa utumwa. Mwezi wa Agosti, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, akina mama wapishi wa Pointe-à-Pitre, mji mkubwa wa kule, huenda kanisani kwa maandamano, wakiwa na vilemba vya kitambaa cha madras na vikapu vya vyakula vilivyopambwa, ili vibarikiwe. Desturi hiyo imeendelea tangu 1916.

Hata hivyo, kwa mtu wa Kongo ninapendekeza bila kusita mwisho wa Oktoba, ili sikukuu ya Watakatifu Wote imkute huko. Jioni ya tarehe 1 Novemba familia huenda makaburini na kuwasha mishumaa kwa mamia. Katika makaburi ya Morne-à-l'Eau, ambayo yamejengwa kama vijumba vya vigae vyeusi na vyeupe juu ya mteremko, mwanga huo hupanda kilima chote. Katika majira hayohayo, upande wa Capesterre-Belle-Eau, wazao wa wale walioletwa kutoka kwetu hufanya mkesha wanaouita Grap a Kongo, ambamo nyimbo zenye maneno ya Kikongo zimehifadhiwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Jambo hili si maonyesho ya watalii: ni kumbukumbu ya wafu wa ukoo. Usiende bila kualikwa. Mwombe mwenyeji wa nyumba utakayofikia akuulizie, sema wazi kwamba unatoka Kongo, kisha ukubali jibu lolote litakalokuja. Ukiruhusiwa, acha simu mfukoni. Ubaya wa majira hayo ni mvua, na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni, humalizika rasmi mwisho wa Novemba. Kwa hiyo nunua tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe.

Baada ya kalenda zinafuata karatasi, na hapa naomba msomaji awe makini, maana mimi nilipoteza ada na miezi miwili. Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa na inatumia euro, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Wakala mmoja wa safari alinihakikishia kwamba viza ya kawaida ya Schengen ingetosha, akajaza fomu bila kukitaja kisiwa, na ikabidi nianze ombi upya. Andika katika ombi lako kwamba mwisho wa safari ni Guadeloupe, na uhakikishe viza inaitaja au inataja mikoa ya Ufaransa ya ng'ambo. Kwa kuwa utapitia Paris, mara nyingi ukishukia uwanja wa Charles-de-Gaulle na kupandia Orly, unahitaji pia ruhusa ya kuingia Schengen, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu utaingia tena unaporudi. Beba kadi yako ya njano ya chanjo. Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, utapitia Addis Ababa, kisha Paris, na kutoka Paris hadi Pointe-à-Pitre ni mwendo wa saa nane na nusu hivi. Saa sita mchana kule ni saa kumi na mbili jioni kwetu.

Ukifika, usifunge makazi mahali pamoja. Visiwa viwili vikubwa, Grande-Terre na Basse-Terre, vimekaa kama mabawa ya kipepeo, vikitenganishwa na mkono mwembamba wa bahari. Grande-Terre ni tambarare, ina miwa na fukwe, na hoteli nyingi zimejengwa huko. Basse-Terre ina milima, misitu na migomba. Kaa siku tatu karibu na Pointe-à-Pitre, kisha hamia Capesterre-Belle-Eau kwa siku zilizobaki. Kodi gari, kwa kuwa mabasi ni machache jioni na Jumapili. Wanaendesha upande wa kulia kama sisi. Maji ya bomba hukatika katika mitaa mingi, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Lubumbashi, lakini uliza kabla ya kulipia chumba kama nyumba ina tangi.

Siku ya kwanza nenda sokoni asubuhi, na usipige picha kabla ya kusalimia. Kule mtu anayeingia dukani au kusimama mbele ya meza bila kusema "bonjou" huhesabiwa kuwa hakulelewa vizuri, na biashara huharibika hapohapo. Sema "bonjou", subiri ujibiwe, ndipo uulize. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viungo alinifungulia kopo la unga wa rangi ya manjano akaniambia ninuse kabla hajanitajia bei. Ndani yake nilitambua giligilani, manjano, haradali na uwatu. Huo ndio unga wa colombo, ambao Watamil walikuja nao, na sasa nyama ya mbuzi iliyopikwa nao ni chakula cha karamu cha kila mtu, awe na babu Mwafrika au Mhindi. Nunua pakiti mbili, moja ya kupikia ungali huko.

Adhuhuri tafuta bokit, mkate unaouzwa kwenye magari ya vyakula kando ya barabara. Mwuzaji huchukua donge la unga uliochachuka, hulitandaza kwa viganja mpaka likawa duara, kisha hulitumbukiza katika mafuta ya moto. Baada ya nukta chache linafura, analigeuza mara moja, analitoa likiwa na rangi ya dhahabu, na kulipasua kwa kisu mvuke ukiwa bado unatoka. Ndani hutia kuku, au samaki wa chumvi ambaye sisi tunamwita makayabu. Makayabu yule alipelekwa visiwani karne nyingi zilizopita kuwa chakula cha bei nafuu cha watumwa, na leo hakuna meza ya sikukuu inayomkosa. Mtu aliyekulia kwenye mikate ya mafuta ya soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, hatahitaji kuelezwa kwa nini watu hupanga foleni.

Mchana huohuo uingie Mémorial ACTe, jumba la kumbukumbu ya utumwa lililofunguliwa mwaka 2015 kando ya bahari, mahali palipokuwa na kiwanda cha sukari cha Darboussier. Tenga saa tatu nzima. Ni mahali pazito, na nashauri usipange starehe yoyote ya jioni hiyo.

Ukihamia Capesterre, hekalu la Changy liko kando ya barabara kuu, na huwezi kulikosa kwa wingi wa sanamu zenye rangi zilizopangwa juu ya paa. Hapo huheshimiwa Maliémin, mungu wa kike ambaye Watamil wa kwanza walimleta kutoka India Kusini. Vua viatu, uliza kabla ya kusogea, na kama kuna ibada simama nyuma. Karibu na hapo uliza wanakokaangia kassav, mkate mwembamba wa muhogo. Muhogo uliokunwa na kukamuliwa hutandazwa juu ya bamba la chuma lenye moto, na huliwa ukiwa na nazi iliyotiwa sukari ndani yake. Muhogo ulitoka Marekani ya Kusini. Wenyeji wa visiwa hivyo waliula kabla ya Columbus kufika mwaka 1493, na Wareno ndio walioupeleka Kongo baadaye. Kwa hiyo babu zetu waliopelekwa Guadeloupe walikuta huko chakula walichokwisha kukizoea nyumbani. Nilipokishika kile kipande cha moto mkononi, fikira hiyo ilinigusa kuliko mandhari yoyote.

Mandhari nayo yapo. Volkano ya La Soufrière ina urefu wa mita 1,467, na mwaka 1976 iliwahamisha watu zaidi ya 70,000. Panda alfajiri kutoka Bains Jaunes kabla ya mawingu, vaa koti la mvua, na usivuke vizuizi vya kileleni, kwa maana gesi inayotoka humo ni ya hatari. Ukishuka, pitia Matouba. Hapo, tarehe 28 Mei 1802, Louis Delgrès, afisa aliyeongoza upinzani, na wenzake wapatao mia tatu walijilipua kwa baruti kuliko kurudishwa utumwani, baada ya Napoléon kutuma jeshi kuurejesha utumwa ambao ulikuwa umekwisha kufutwa mwaka 1794. Maporomoko ya pili ya Carbet, yenye mita 110, yako juu ya Capesterre na njia yake ni fupi. Kwa wanaopenda bahari, upande wa Malendure maji ni tulivu, na samaki huonekana hata kwa anayeogelea na miwani tu. Kabla ya kuchagua ufuo upande wa Atlantiki uliza kuhusu sargasse, mwani wa kahawia ambao tangu 2011 husukumwa ufukweni kwa wingi na kunuka vibaya sana unapooza.

Mwisho wa juma usikose léwoz, usiku wa ngoma ya gwoka, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Huwa uani kwa mtu au kwenye uwanja wa kijiji, na tangazo lake hupita kwa midomo ya watu, kwa hiyo muulize mwenyeji wako mapema. Ngoma zinazoitwa boula hushikilia mdundo mmoja bila kutetereka, na ngoma moja yenye sauti ya juu, makè, hufuata miguu ya mchezaji. Midundo ni saba. Ule unaoitwa graj unahusishwa na kazi ya kukuna muhogo. Mchezaji huingia duarani peke yake na kumkabili mpiga makè, naye anatafsiri kila hatua, mpaka mchezaji anapojikwaa kwa makusudi na ngoma ikajikwaa pamoja naye. Simama kwenye duara, piga makofi, itikia kiitikio hata kama maneno hujayajua, na usikatize kamwe kati ya mchezaji na ngoma. Usiingie katikati usiku wa kwanza. Tazama jinsi wazee wanavyopokezana, na kama mtu atakushika mkono na kukuvuta, hapo ingia. Usiku huwa mrefu, rhum inayotengenezwa kwa maji ya miwa huuzwa hapohapo, na barabara za milimani ni za giza na kona nyingi, basi atakayeendesha gari aamuliwe kabla ya kuondoka nyumbani.