Kutengeneza penseli kwa mkono: kinywe, udongo na moto

Zamani penseli iliitwa kalamu ya risasi, na wapo wanaoiita hivyo hadi leo. Ndani yake hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni kinywe (grafiti), madini yale yale yanayochimbwa Mahenge na Ruangwa. Waingereza waliokipata katika karne ya 16 kwenye bonde la Borrowdale, karibu na kijiji cha Seathwaite, walidhani ni aina ya risasi nyeusi, na kosa lao likasambaa katika lugha nyingi, yetu ikiwemo. Mwaka 1779 ndipo mkemia Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha kuwa kinywe ni kaboni tupu.

Penseli ya kuandikia vizuri inaweza kutengenezwa kwenye karakana ndogo. Mwongozo huu unafuata njia ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, ambayo msingi wake haujabadilika viwandani tangu mwaka 1795. Vipimo ni vya gramu 100 za mchanganyiko mkavu. Hizo hutoa viini, yaani vile vijiti vyeusi vya katikati ya penseli, kama 60, ukiondoa vitakavyovunjika, na mara ya kwanza vitavunjika vingi.

Kwa nini udongo

Kinywe cha Borrowdale kilikuwa kigumu na safi kiasi cha kukatwa kwa msumeno kama mbao. Mafundi walikitoa vijiti vya pembe nne na kuvilaza ndani ya mti uliochimbwa mfereji. Mwaka 1565 mtaalamu wa Zürich, Conrad Gesner, alikwisha kuieleza kalamu ya namna hiyo katika kitabu chake. Lakini mawe makubwa namna ile hayakupatikana kwingine. Kinywe hicho kilitumika pia kupaka ndani ya kalibu za kusubia makombora ya mizinga, kwa hiyo mgodi ulilindwa, na mwaka 1752 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kali dhidi ya walioiba humo.

Waliobaki na unga tu walihangaika. Mafundi wa Nuremberg waliuchanganya na kiberiti (salfa) kilichoyeyushwa, wakapata kiini kinachokwaruza karatasi na kukatika ovyo. Ufaransa ilipoingia vitani na Uingereza mwaka 1793, penseli zikaadimika, na Lazare Carnot, aliyesimamia mambo ya vita ya Ufaransa, akampa Conté kazi ya kutafuta njia. Jibu lake lilikuwa kusaga kinywe, kukikanda na udongo safi kwa maji, kukitoa vijiti na kuvichoma kama mfinyanzi achomavyo chungu. Hati yake ya ugunduzi ni ya Januari 1795.

Faida kubwa ya njia hiyo imo kwenye uwiano, kuliko hata kwenye kuokoa kinywe. Udongo ukizidi, kiini kinakuwa kigumu na mstari unakuwa hafifu. Kinywe kikizidi, kiini kinakuwa laini na cheusi. Hapo ndipo zilipotoka herufi zilizochapwa kwenye penseli: H kwa ugumu, B kwa weusi, HB katikati. Kwa gramu 100 kavu, pima hivi:

- 2H: kinywe gramu 64, udongo 36
- HB: kinywe gramu 72, udongo 28
- 2B: kinywe gramu 79, udongo 21

Anza na HB. Ile ya 2B inavutia kwa wachoraji, ila udongo wake ni mchache na viini hukatika mkononi kabla hata ya kuchomwa. Tumia mizani ya kupimia gramu moja moja. Kijiko hakifai, kwa sababu unga wa kinywe ni mwepesi na hujaa hewa.

Unga na udongo

Nunua kinywe kilichosagwa tayari, kile kinachouzwa kama unga wa kulainishia vitasa na mashine, kisicho na mafuta. Kukisaga mwenyewe kutoka kwenye jiwe ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana: vipande vyake ni tabaka zinazoteleza, na kwenye kinu hulala bapa badala ya kuvunjika. Usipasue betri kavu kupata ule unga mweusi. Huo sehemu kubwa ni oksidi ya manganizi, ambayo ni sumu ukiivuta, na kile kijiti cha katikati ni kaboni ngumu isiyoandika. Unga wa mkaa nao haufai kitu hapa. Kinywe huandika kwa sababu tabaka zake huachia na kubaki kwenye karatasi; mkaa hauna tabaka hizo.

Udongo mzuri ni kaolini, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu, uliochanganywa nusu kwa nusu na udongo wa mfinyanzi. Kaolini peke yake hainati vya kutosha, na udongo wa mfinyanzi peke yake husinyaa sana.

Adui ni mchanga. Punje moja isiyoonekana kwa macho huchana karatasi na huziba tundu la kukamulia. Koroga udongo kwenye ndoo ya maji hadi uwe kama uji mwepesi, uache dakika 5, kisha mimina taratibu sehemu ya juu kwenye ndoo nyingine na utupe kilichotuama. Rudia mara tatu. Uache utulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, kausha, saga, halafu ndipo upime. Ukipima udongo ukiwa na unyevu, uwiano wote umeharibika.

Unga wa kinywe upitishe kwenye kitambaa cha hariri au chujio laini kuliko yote uliyonayo. Huko Concord, Marekani, Henry David Thoreau, aliyefanya kazi katika biashara ya penseli ya baba yake, alitengeneza kinu kilichopuliziwa hewa ili unga mwembamba tu upande juu na kukusanywa. Penseli zao zikawa miongoni mwa bora za nchi hiyo. Unga mwembamba ndio unaofanya mstari uwe sawasawa.

Vaa barakoa katika hatua hii, na fanya kazi mbali na soketi, kwani vumbi la kinywe hupitisha umeme.

Kukanda na kukamua

Kinywe hukataa maji. Ukikimwaga kwenye beseni kitaelea. Weka matone mawili ya sabuni ya maji kwenye mililita 60 za maji, tia udongo kwanza, koroga, kisha ongeza kinywe kidogo kidogo. Sasa saga mchanganyiko ukiwa majimaji, juu ya kioo kinene au jiwe laini, kwa saa 2 au 3. Hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Udongo na kinywe vikichanganyika juu juu tu, kiini kitakuwa na mabaka: hapa kinaandika, hapa kinateleza. Sugua kidogo kwenye kucha ya kidole gumba. Ukiona nukta nyeupe, endelea.

Acha maji yapungue hadi donge liwe gumu kuliko unga wa chapati, linalokunjika bila kupasuka na lisiloacha unyevu mkononi. Lifunge kwenye nailoni kwa siku moja, kisha likande tena ukilipiga mezani ili kutoa hewa. Hewa iliyobaki hugeuka tundu katikati ya kiini, na hapo ndipo kitakapokatikia.

Kwa kukamulia, bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano linafaa kuliko kubwa: bomba jembamba hupata shinikizo kubwa kwa nguvu ile ile ya kidole. Tundu la ncha liwe la milimita 2 hivi. Likiwa dogo, lipanue kwa msumari uliopashwa moto. Kamua bila kusita, urefu wa sentimita 19 kila kimoja. Donge likitoka kwa kukatikakatika ni kavu mno; likilala lenyewe kama tambi iliyopikwa lina maji mengi, na kiini kitapinda kikikauka.

Laza viini kwenye ubao ulionyooka, ufunike kwa kitambaa na uache kivulini siku nzima, ukivizungusha kila baada ya saa chache. Jua moja kwa moja hukausha upande wa juu kwanza na kuvipinda kama upinde. Vikikauka, viweke karibu na jiko penye joto la kama nyuzi 100 kwa saa moja. Maji yaliyobaki ndani yakikutana na moto mkali hugeuka mvuke na kupasua.

Kuchoma

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Udongo unahitaji nyuzi 900 hadi 1000 ili ushikamane kama kigae, lakini katika joto hilo kinywe kikikutana na hewa huungua. Kwa hiyo kiini kichomwe bila kuiona hewa. Tumia chungu chenye mfuniko, au bomba la chuma jeusi lililozibwa ncha zote mbili. Bomba la mabati usiliguse: zinki yake hutoa moshi wenye sumu.

Tandika unga wa mkaa chini, panga viini visigusane, ujaze unga wa mkaa katikati na juu hadi chombo kijae. Hewa yoyote itakayopenya itaula mkaa kwanza. Ziba mfuniko kwa udongo mbichi, ukiacha tundu dogo la kutolea gesi, maana chombo kilichozibwa kabisa kinaweza kulipuka. Fanya kazi hii nje, si chumbani.

Pandisha moto polepole kwa saa mbili hadi chombo kiwe chekundu, kisha puliza kwa mivukuto au feni hadi kiwe cha rangi ya chungwa, na ukishikilie hapo saa moja. Kiache kipoe ndani ya majivu hadi kesho yake. Anayefungua kikiwa bado chekundu atakuta viini vya kijivu vyenye ganda linalopukutika: kinywe cha juu kimeungua, umebaki udongo.

Pima kwa njia mbili. Dondosha kiini juu ya kigae. Kilichoiva hulia kwa sauti kali, kibichi hutoa sauti nzito. Kisha loweka kipande kwenye maji kwa saa moja. Kikigeuka tope, joto halikutosha, na vilivyobaki vinaweza kurudishwa motoni.

Nta

Kiini kilichochomwa kina vitundu vingi na kitakwaruza. Yeyusha nta ya nyuki au ya mishumaa kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji yanayochemka, uzamishe viini. Mapovu madogo yatapanda. Yakikoma, baada ya nusu saa au zaidi, nta imeingia. Vitoe na uvifute vikiwa vya moto kwa kitambaa kikavu. Nta ikibaki juu, gundi haitashika na kiini kitateleza nje ya mti.

Mti

Mbao ya penseli inatakiwa kuwa laini, nyuzi zilizonyooka, isiyopasuka ikichongwa. Mierezi ndiyo iliyopendwa tangu zamani, na wa kwetu ni mtarakwa, unaomea nyanda za juu za Kenya na milima ya Usambara. Wakati wa utawala wa Wajerumani mitarakwa ya Shume ilikatwa na kushushwa kwa njia ya kamba hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga, na Kenya ya Waingereza ilisafirisha vibao vya penseli vya mti huo huo. Leo tumia mabaki ya karakana. Usikate mti kwa ajili hii. Msonobari unafaa kidogo tu, kwani duara zake ngumu na laini hupokezana na kichongeo huruka.

Randa vibao viwili vyenye urefu wa milimita 185 na upana wa 42: kimoja unene wa 5, kingine wa 3. Kwenye kile kinene chimba mifereji minne ya kina na upana wa milimita 2. Wa kwanza uwe milimita 6 kutoka ukingoni, mingine ifuate kila baada ya 10. Tepe mbili au tatu za msumeno wa chuma zilizofungwa pamoja hukata mfereji huo vizuri, ukiziongoza kwa rula ya chuma. Jaribu kwanza kwenye kibao cha kutupa. Kwa vipimo hivi kiini hukaa katikati kabisa ya unene wa milimita 8. Mfereji ukizidi kina, kichongeo kitakuonyesha mti hadi nchani upande mmoja.

Paka gundi nyeupe ya mbao mfereji mzima, laza kiini, paka kibao cha pili, funika, ubane kwa jiliwa kati ya mbao mbili zilizonyooka kwa saa 12. Kiini kisicho na gundi urefu wote hukatika ndani penseli ikianguka, na mwenye nayo hubaki akichonga huku vipande vikidondoka.

Pasua kati ya mfereji na mfereji, kisha randa kila penseli ikiwa imelazwa kwenye ubao wenye mfereji wa V. Viwandani hutoa pembe sita. Kwa randa ya mkono pembe nane ni rahisi zaidi, unaondoa tu kona nne. Ondoa kiasi sawa kila upande hadi unene wa milimita 7 hivi, malizia kwa msasa, paka vanishi mara mbili.

Mabaki ya donge ambayo hayajaona moto yaloweke na uyakande tena. Yatafaa kwa mkupuo unaofuata. Yaliyochomwa hayarudi kuwa udongo, lakini vipande vya sentimita 4 au 5 vilivyonyooka bado vina kazi: vipange viwili viwili kwenye vibao vifupi, utapata penseli ndogo za fundi seremala za kuchomeka sikioni.