Usimlipe Mlanguzi kwa Sarafu Ambayo Kiwanda Bado Kinaiuza

Bahasha ilifika kwangu Leicester siku ya tisa baada ya kulipa, na ndani yake, chini ya kasha la kadibodi lililobeba sarafu ya ukumbusho ya pauni 5, muuzaji alikuwa amesahau kuondoa karatasi ya mauzo aliyopewa na kiwanda cha kufua sarafu. Karatasi ile ilionyesha kwamba aliiagiza sarafu baada ya mimi kumlipa, wala si kabla, na kwamba bei aliyoilipa haikufika nusu ya ile niliyompa. Usiku uleule niliingia kwenye tovuti ya kiwanda nikaikuta sarafu ileile bado inauzwa kwa bei ya toleo, yaani ile iliyopangwa na kiwanda chenyewe. Siwezi kusema niliibiwa, kwa sababu bei niliiona na nikaikubali. Nililipia pupa yangu.

Tangu hapo nimeona Waafrika Mashariki wengi huku ughaibuni wakilanguliwa vivyo hivyo, hasa wanaotafuta zawadi ya mtoto aliyezaliwa au ya ndoa. Wanalolikosea wengi wao ni maana ya maneno “toleo lenye idadi maalumu”. Idadi hiyo ni kikomo cha juu ambacho kiwanda hakitakivuka. Haimaanishi kwamba sarafu zote hizo zitanunuliwa, wala kwamba zimekwisha. Mwaka 2019, Marekani ilipoadhimisha miaka 50 ya Apollo 11, safari iliyowafikisha watu mwezini, sheria iliruhusu hadi nusu dola 750,000 za ukumbusho zifuliwe, na mauzo hayakukaribia kiwango hicho. Aliyelipa bei ya kulangua wiki ya kwanza kwa kuogopa zitamalizika alikuwa anakimbizana na kivuli.

Mfano ninaopenda kuutoa ni nusu dola ya dhahabu ya Marekani ya mwaka 2014, yenye sura ya Rais Kennedy. Ilikuwa na robo tatu ya aunsi ya dhahabu safi, ikaanza kuuzwa tarehe 5 Agosti kwa dola 1,240, nayo haikuwekewa kikomo cha idadi kabisa. Hata hivyo, katika maonyesho ya wakusanyaji sarafu huko Rosemont, karibu na Chicago, watu walilala foleni, wengine wakiwa wamelipwa na wafanyabiashara ili wawashikie nafasi, mpaka tarehe 7 Agosti kiwanda kikasitisha mauzo ya ana kwa ana kwa kuhofia usalama. Wakati watu wanasukumana pale, mtu aliyekaa kwake mbele ya kompyuta aliweza kuagiza sarafu hiyohiyo kwa bei ileile, akakubali tu kuisubiri. Zaidi ya hayo, bei ya kiwanda ilifuata bei ya dhahabu, na dhahabu iliposhuka miezi iliyofuata, bei ya sarafu nayo ikashuka. Walichouza walanguzi, kwa hiyo, ni tofauti ya siku chache, pamoja na kibandiko cha kampuni za kupima ubora wa sarafu kama PCGS na NGC kinachosema sarafu ilitolewa siku ya kwanza. Kibandiko hicho hakibadilishi chochote katika sarafu iliyomo ndani, na mimi nisingekilipia hata senti, ingawa najua wapo wanaokithamini.

Sisemi kwamba kila nyongeza ya bei ni upuuzi. Novemba mwaka 2019, kiwanda cha Marekani kilitoa sarafu ya fedha ya tai yenye alama ya S, yaani iliyofuliwa San Francisco, vipande 30,000 tu, kwa dola 65.95 kila kimoja, na vyote viliondoka ndani ya nusu saa. Aliyeitaka baadaye hakuwa na pa kwenda ila kwa walioipata, nao waliiuza kwa zaidi ya dola 1,000. Hapo nyongeza ilikuwa bei halisi ya uhaba. Kazi ya mnunuzi ni kujua yuko mbele ya sarafu ya aina gani kabla ya kutoa kadi mfukoni.

Kwa hiyo anza na aliyeifua: Royal Mint kwa Uingereza, United States Mint kwa Marekani, Royal Canadian Mint kwa Kanada. Soma hali ya bidhaa kwa makini, kwa kuwa “kwa sasa haipatikani” si sawa na “imekwisha”. Oda za watu hufutwa pale kadi zao zinapokataliwa na benki, na sarafu hizo hurudi sokoni siku au wiki chache baadaye bila tangazo lolote. Ndiyo maana inafaa kuacha barua pepe yako ili ujulishwe. Tazama pia kikomo cha kila kaya: kikiwa kidogo sana, hiyo ni dalili kwamba kiwanda kinatarajia msukosuko, na kisipokuwepo kabisa, huna sababu ya kukimbia. Muuzaji anayetangaza sarafu kabla ya siku ya kutolewa hana kitu mkononi. Anauza matumaini kwamba ataipata, nawe ndiye utakayebeba hasara ya kusubiri.

Ukiwa eBay, usitishwe na bei wanazoomba watu. Chuja matokeo ili uone zile tu zilizouzwa kweli, na mara nyingi utakuta pengo kubwa la kuchekesha. Peni 50 ya Kew Gardens, bustani maarufu ya London, ya mwaka 2009, iliyotoka vipande 210,000 katika mzunguko, ni sarafu adimu inayouzwa kwa bei ya juu ipasavyo, lakini wapo wanaotangaza kwa bei hiyohiyo ile iliyofuliwa upya mwaka 2019 katika seti za wakusanyaji. Tofauti iko upande wenye kichwa cha Malkia, ambako ile mpya imeandikwa mwaka 2019. Mwombe muuzaji picha ya pande zote mbili. Kumbuka pia kwamba nchini Uingereza ukinunua kwa mfanyabiashara kupitia mtandao kwa kawaida una siku 14 za kubadili nia, haki ambayo mtu binafsi anayeuza vitu vyake hakupi.

Kuhusu kuipeleka nyumbani, naomba tusemezane ukweli. Maduka ya kubadilisha fedha ya Dar es Salaam na Nairobi hupokea noti, na hata huku Uingereza benki hazilazimiki kuipokea ile pauni 5 ya ukumbusho. Mama yako akipewa sarafu hiyo ataiweka kabatini, na akitaka kuiuza itabidi airudishe kwako. Ukiituma kwa posta, tunza kasha, cheti na risiti, kwa sababu maofisa wa forodha watataka kuona ililipiwa kiasi gani, na risiti ya mlanguzi itaonyesha ile bei ya juu.