Kabla ya Kwenda Kuona Madaraja Yenye Paa ya Vermont

Jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, lina madaraja ya mbao yenye paa zaidi ya 100, na mengi kati yake yangali yanapitisha magari kila siku. Ndiyo maana maandalizi yaanzie kwenye gari, si kwenye kamera. Kabla ya kutia saini mkataba wa kukodi, uliza kimo cha gari pamoja na keria na mizigo itakayofungwa juu yake, kisha ukiandike kwa futi na inchi mahali ambapo dereva atakiona, kwa kuwa mabango ya madarajani yanayotaja kimo cha juu kinachoruhusiwa hayatumii mita. Bango la futi 9 ni sawa na mita 2.74 tu, kimo ambacho gari la abiria lenye paa lililoinuliwa linaweza kukizidi. Daraja la Miller's Run, mjini Lyndon, limegongwa na malori mara nyingi licha ya mabango. Ramani ya simu huonyesha njia fupi bila kujali kimo cha gari linaloongozwa. Kikomo cha uzito nacho huandikwa kwa tani ya Kimarekani, ambayo ni kilo 907. Soma pia masharti ya bima, hasa yanayohusu uharibifu wa paa.

Majani hubadilika rangi kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, na vyumba hujaa mapema. Machi na Aprili theluji inapoyeyuka, barabara za udongo hugeuka tope, nami nisingempeleka mgeni huko majira hayo. Angalia vilevile taarifa za barabara zilizofungwa: mafuriko ya kimbunga Irene, Agosti 2011, yalilizoa daraja la Bartonsville lote, na lililopo sasa lilijengwa upya.

Ratiba isibebe madaraja mengi. Afadhali machache yanayokaguliwa kwa utulivu, likiwemo la Cornish–Windsor la mwaka 1866, lenye urefu wa mita 137 hivi, linalovuka mto Connecticut hadi New Hampshire. Humo utaona mbao nene zilizopishana kama wavu, muundo uliotokana na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya msanifu majengo Ithiel Town ya mwaka 1820. Paa halikuwekwa ili kumkinga msafiri; liliwekwa ili mvua na theluji visiozeshe mihimili inayobeba daraja, kwani mbao zikiachwa wazi huoza mapema zaidi. Bango lililo juu ya mlango bado linawaamuru wenye farasi wapite kwa mwendo wa kutembea, la sivyo walipe faini ya dola mbili.

Chukua tochi, kwa sababu ndani mna giza hata mchana. Madaraja mengi yana njia moja tu, hivyo washa taa, mpishe aliyekwisha kuingia, na uegeshe gari mbali na mlango kabla ya kurudi kwa miguu. Sigara ibaki garini, ikiwa imezimwa.