Kabla Hujaenda Hispania: Kijue Vizuri Kitenzi Quedar

Kamusi itakwambia quedar ni "kubaki", na wengi hufunga kitabu hapo. Usifunge. Kama unajiandaa kwenda kusoma au kutafuta kazi Hispania, kishike kitenzi hiki kabla hujapanda ndege, maana utakutana nacho dukani, kazini na kwa mwenye nyumba.

Kilichosalia kwanza. Me quedan diez euros: zimenibakia euro 10. Muundo ni uleule wetu, usihangaike nao. Mahali pia ni rahisi: ¿dónde queda la farmacia?, duka la dawa liko wapi? Nguo ikiwa te queda bien, imekukaa. Ikiwa te queda grande, inakupwaya, irudishe.

Kwenye miadi fungua masikio. Quedamos a las ocho maana yake tunakutana saa 2, si saa 8, na hakuna anayebaki popote. Madrid watu hupeana miadi kwenye sanamu ya dubu pale Puerta del Sol. Wewe jifungie ndani ukidhani umeambiwa ubaki, wenzako wakusubiri hapo mpaka wachoke. Tena quedamos hiyohiyo huweza kuwa "tulikubaliana", kwa hiyo uliza siku.

Sasa quedarse con. Hapa tulia.

Jamaa mmoja wa Tanga, jirani yangu Valencia, alihama nyumba aliyopanga. Alipiga deki, akasugua jiko mpaka likang'aa, akakabidhi funguo. Jioni mwenye nyumba akamtumia ujumbe: Me quedo con la fianza por la pintura. Fianza anaijua, ni dipoziti. Pintura ni rangi. Me quedo, nabaki. Akajumlisha mwenyewe: mzee anabaki nayo kwanza, wakimaliza kupaka rangi atanirudishia. Akajibu kwa adabu zote za pwani: Vale, gracias.

Quedarse con kitu ni kukichukua kikawa chako moja kwa moja. Yaani kaambiwa dipoziti harudishiwi, na yeye kajibu "sawa, asante". Alingoja wee. Alipokuja kudai, akarushiwa picha ya jibu lake mwenyewe, akanywea. Na sheria ya upangaji ya 1994 ilikuwa na la kumsaidia: dipoziti ya nyumba ya kuishi ni kodi ya mwezi 1, na kinachostahili kurudi kisiporudishwa ndani ya mwezi tangu funguo zikabidhiwe, kinaanza kuzaa riba. Lakini utadaije kitu ambacho hujui kama umenyang'anywa?

Dukani ni vilevile. Me lo quedo ni "naichukua", toa hela. Kama bado unatazamatazama, nyamaza.

Hako ka-me usikadharau. Quedé con Ana, nilipanga kukutana na Ana; me quedé con Ana, nilibaki naye. Ukimwambia mkeo, chagua vizuri. Kuna quedarse sin, kuishiwa, na quedarse dormido, kupitiwa na usingizi. Vitenzi vingine navyo vina yao: coger el autobús Hispania ni kupanda basi tu, ila ukifika Mexico au Argentina coger ni tusi la chumbani, sema tomar. Na ujumbe wowote wenye fianza, contrato (mkataba) au firma (saini), usiujibu vale kabla hujamwonyesha mtu anayeijua lugha, hata kama itabidi umwamshe.