Swali la maneno lisikutishe, ligeuze liwe mlinganyo

Watu wengi hesabu wanaijua ila wakikutana na swali la maneno wanaganda. Kwanza usikimbilie namba, nenda mwisho wa swali uone wanataka nini, hicho ndo ukiite x.

Mfano, baba ana umri mara 3 ya mwanae, baada ya miaka 12 atakuwa mara 2 yake, mtoto ana miaka mingapi sasa? Mtoto x, baba 3x. Hapa ndo wengi wanapigwa, ile miaka 12 inaongezeka kwa wote wawili, sio baba peke yake, kwa hiyo baba anakuwa 3x + 12 na mtoto x + 12, na neno "atakuwa" ndo alama yako ya sawa na:

3x + 12 = 2(x + 12)

Fungua mabano, 3x + 12 = 2x + 24, toa 2x na 12 kila upande, x = 12. Hakikisha: baba 36, baadae 48 kwa 24, imekubali.

Na "5 pungufu ya y" ni y − 5 jamani, sio 5 − y!