Kutengeneza nyundo bandia ya mchezo wa jukwaani: laini mkononi, chuma machoni

Azimeni kwanza nyundo ya kung'olea misumari kwa fundi seremala, ile iliyokwisha kula chumvi. Mpya ya dukani haitawafundisha kitu. Ikae mezani kama kielelezo mpaka kazi iishe.

Watu watatu wanatosha: mkataji, mpiga gundi na mpaka rangi.

1. Mkataji achore kichwa cha nyundo kwenye boksi gumu, kisha akate vipande vitatu vya raba nyepesi ya soli za ndala, unene wa milimita 10. Kipande cha kati kichongwe mfereji wa mpini. Akate seti mbili kabisa; moja itachanika kwenye mazoezi.

2. Mpini ni ufito wa mwanzi uliovikwa raba. Ncha yake iishie ndani ya kichwa, isitokeze juu. Hapo ndipo watu huumizwa.

3. Gundi ya fundi viatu ipakwe pande zote mbili. Subirini hadi ukiigusa isinate kidoleni, ndipo mbane. Ukiwahisha, vipande vitateleza. Fungueni madirisha, harufu yake ni kali.

4. Pigeni msasa, pitisheni mashine ya kupuliza hewa ya moto ya fundi ili vitundu vidogo vya raba vifunge, kisha pakeni gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, mara tatu, kila tabaka likauke kwanza.

5. Sasa rangi, na hapa msiwe na haraka. Anzeni na nyeusi ya maji. Ya mafuta hupasuka raba ikikunjwa. Sugueni unga wa risasi ya penseli kwa kitambaa: weusi unageuka chuma. Halafu itazameni ile ya fundi. Uso unaogonga misumari unang'aa, mashavu yana giza, kutu imejificha shingoni karibu na mpini. Mpini wenyewe umekolea jasho pale mkono unaposhika, na juu yake umebaki mweupe. Fuateni hivyo hivyo. Kutu ya kutapakaa kila mahali ni dalili ya mpaka rangi mvivu.

6. Mwigizaji afanye mazoezi na nyundo halisi kwanza, bila kumpiga mtu, ili mkono ujue uzito. Mlio wa chuma utoke nyuma ya pazia.

Kabla ya kila onyesho, mtunza vifaa akikunje kichwa na kukivuta. Mwanzi ukisikika ukilia, toeni ile seti ya pili.