Namna ya Kupima Uimara wa Ndege ya Rimoti Iliyotumika Kabla ya Kuinunua

Mnunuzi wa ndege ya mfano iliyotumika huvutwa na rangi na stika, ilhali uimara wake umo katika maungio na matengenezo yaliyofichwa chini ya rangi hiyo. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata kwa ndege ya umeme ya kujifunzia, iliyotengenezwa kwa povu gumu na yenye mabawa ya urefu wa takriban mita 1.4.

Hatua ya kwanza ni kutambua aina ya povu. EPS, lile jeupe linalofungashiwa runinga, hukatika kwa urahisi na huyeyushwa na supagluu ya kawaida. EPO ni imara zaidi na hukubali gundi hiyo. EPP hunyumbulika na kurudi katika umbo lake hata baada ya kuanguka. Kwa anayeanza, ningechagua EPO au EPP bila kusita.

Hatua ya pili ni bawa, na hapa usiwe na haraka. Chomoa bomba la kaboni linaloshikilia mabawa yote mawili, kisha lipitishie kitambaa cha pamba polepole, kwa sababu nyuzi zilizopasuka zitakinasa kitambaa hata pale ambapo jicho halioni ufa. Likiwa zima, unganisha ndege, weka betri mahali pake bila kuunganisha waya, halafu inyanyue taratibu kwa kuishika kwenye ncha za mabawa tu. Kwa kufanya hivyo, shina la bawa hubeba mzigo unaokaribia ule wa kona ambayo ndege imelala upande kwa nyuzi 60, ambapo bawa hulazimika kubeba uzito wa ndege mara 2. Ukisikia mlio wa kukwaruza, au ukiona mwanya ukifunguka penye kiungo, iache ndege hiyo. Bawa lililopinda kidogo kwa sababu ya kuachwa ndani ya gari juani si kasoro ya kutisha, kwani povu la EPO hunyooka kwa maji ya moto.

Hatua ya tatu ni pua. Ondoa propela, shika kiwiliwili, kisha uitikise mota. Niliwahi kununua ndege ambayo ukuta wa mota wake, yaani kibao cha puani kinachofungiwa mota, ulikuwa umebandikwa upya juu ya ufa na kupakwa rangi vizuri. Uling'oka hewani katika safari ya tatu. Zungusha pia mota kwa mkono, kwa kuwa beringi iliyoliwa na chumvi au vumbi hukwaruza.

Betri haihitaji maneno mengi: iliyovimba haifai, na seli ya lithiamu iliyoshuka chini ya volti 3.0 ikiwa imehifadhiwa tu haifai vilevile. Seli iliyojaa husoma 4.2.

Hatua ya mwisho ni mizani ya jikoni. Linganisha uzito wa ndege na ule uliotajwa na mtengenezaji, kwa sababu ziada huwa ni gundi ya matengenezo. Kisha tafuta kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa bila kuinama mbele wala nyuma, ambacho kwa kawaida hukaa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ukikuta vipande vya madini ya risasi vimejazwa puani ili kukipata, kagua mkia kwa makini, kwani huenda uliwahi kuvunjika na kuunganishwa kwa gundi nyingi.